Mbwa wa Kiingereza, Paka wa Kifaransa

Mwingereza akitaka kukuonya usichokonoe jambo lililokwisha kutulia, hukuambia waache mbwa waliolala waendelee kulala. Mfaransa kwa onyo hilohilo hukuambia usimwamshe paka aliyelala. Mwingereza sauti ikimkwama husema ana chura kooni, Mfaransa husema ana paka kooni. Mwingereza mwenye shughuli zake nyingine husema ana samaki wengine wa kukaanga, Mfaransa ana paka wengine wa kuchapa viboko. Mwingereza asiyeficha ukweli huliita beleshi beleshi, Mfaransa humwita paka paka. Na Mwingereza aliyelipia kitu bila kukikagua amenunua nguruwe mfukoni, Mfaransa amenunua paka mfukoni, na sisi huku, kama unavyojua ndugu msomaji, tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Hivi hawa Wafaransa na paka wana nini?

Nimeanza na wanyama hawa makusudi, maana ndani yao mna swali linalotuhusu sisi vijana tunaohangaika na miswada yetu. Swali lenyewe ni hili: neno likivuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, nini kinavuka na nini kinabaki ng'ambo? Mimi si msomi wa chuo kikuu. Nimeishia kidato cha nne, na Kifaransa nilikianza shuleni, kisha nikakinoa kwa jirani yetu aliyesomea Bujumbura. Lakini ninaandika riwaya, na mwenye kuandika riwaya hana budi kujua maneno yake yana uzito gani. Nimeona njia nzuri ya kulipima jambo hili ni kutazama lugha mbili za wenyewe, ambazo hazinioni wala hazinijui, nione zinavyopeana na zinavyonyimana.

Kanuni ya kwanza ya kazi hii kila mwalimu wa lugha anaijua. Eti usitafsiri maneno, tafsiri maana. Mwingereza akisema mtu amepiga ndoo teke, anasema mtu amekufa, na bila heshima nyingi. Ukimpelekea Mfaransa ndoo hiyo atakushangaa. Yeye marehemu wake wa namna hiyo amevunja kiko. Mvua ya Mwingereza huanguka paka na mbwa, ya Mfaransa huanguka kamba. Jambo lisilowezekana, kwa Mwingereza litatokea nguruwe watakaporuka, kwa Mfaransa kuku watakapoota meno. Na mtu anayetoroka shughuli bila kuaga wenyeji, Waingereza husema ameondoka Kifaransa, Wafaransa husema ameondoka Kiingereza! Hapo mfasiri anayeshika maneno badala ya maana atamtukana mwenye nyumba.

Naikubali kanuni hii. Lakini kuna watu wanaidhani nyepesi, na lugha hizi mbili zina mtego mkubwa kwa watu wa aina hiyo. Mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza, na watawala wakawa ni wasema Kifaransa kwa vizazi kadhaa. Mpaka leo dalili yake ipo mezani. Mnyama akiwa hai malishoni ana jina la Kiingereza, "sheep", "cow", "pig". Akishapikwa akaletwa kwa bwana mkubwa anapata jina lenye asili ya Kifaransa, "mutton", "beef", "pork". Mchungaji alisema lugha yake na mlaji akasema yake. Basi kwa historia hiyo lugha hizi zina maelfu ya maneno yanayofanana sura, na humo ndimo mfasiri anamovunjikia mguu. "Library" ya Mwingereza ni maktaba, "librairie" ya Mfaransa ni duka la vitabu. "Actually" ni kwa kweli, "actuellement" ni kwa sasa. "Deception" ni udanganyifu, "déception" ni kuvunjika moyo. "Eventually" ni hatimaye, "éventuellement" ni huenda. Hebu fikiria mchumba anayeandika kwa Kiingereza kwamba hatimaye atakuoa, mfasiri akakuletea kwamba huenda atakuoa. Harusi nzima imo ndani ya kielezi kimoja! Mwaka 1928 Maxime Koessler na Jules Derocquigny walitoa kitabu kizima juu ya maneno hayo, wakayaita marafiki wa uongo. Jina zuri sana. Adui unamjua, lakini rafiki wa uongo unamkaribisha ndani mwenyewe.

Mtego wa pili haumo katika neno mojamoja, umo katika mwendo wa sentensi. Wafaransa wawili waliokuwa wakifundisha Kanada, Jean-Paul Vinay na Jean Darbelnet, walitoa mwaka 1958 kitabu cha kulinganisha lugha hizi mbili, nacho wanakianza barabarani, wakisafiri kutoka New York kwenda Montréal na kusoma vibao. Upande wa Marekani kibao kinasema "Slow", yaani polepole. Upande wa Quebec wanakuta "Lentement", neno la Kifaransa kabisa, limeandikwa sawasawa, na bado si Kifaransa. Mfaransa wa Ufaransa angeandika "Ralentir", kitenzi. Sasa ndugu msomaji, tazama vibao vya kwetu. Vinasema nini? "Punguza mwendo." Kitenzi! Kwa hiyo pale barabarani sisi na Mfaransa tuko pamoja, na Mwingereza yuko peke yake.

Na si pale tu. Mwingereza husema mtu "swam across" mto: kitenzi chake kinaeleza namna, aliogelea, na kijineno kidogo nyuma ndicho kinachomvusha. Mfaransa hugeuza mambo: "il traversa à la nage", alivuka kwa kuogelea. Sisi je? Alivuka mto kwa kuogelea. Mwingereza husema mtu "limped out", Mfaransa husema alitoka akichechemea, na sisi pia tunasema alitoka akichechemea. Kwa hiyo kijana anayeandika Kiswahili huku kichwani anafikiri Kiingereza anafanya kosa lilelile la kibao cha Quebec. Maneno ni ya Kiswahili, mwendo ni wa mwingine. Siku hizi nani hasemi "mwisho wa siku" akimaanisha hatimaye? Mwisho wa siku kwetu ni magharibi, jua linapozama, kuku wanapoingia bandani. Hiyo hatimaye ya kibiashara imeletwa na Mwingereza, sisi tumeivalisha kanzu tu. Soma miswada yetu, pamoja na huu wangu, uhesabu.

Nije kwenye kijineno kidogo kuliko vyote, "you". Kwa Kiingereza bosi ni "you", mpenzi ni "you", mbwa ni "you". Mfaransa hawezi. Lazima achague "tu" au "vous", yaani ukaribu au heshima. Kwa hiyo anayetafsiri riwaya ya mapenzi kutoka Kiingereza analazimika kuamua ni ukurasa gani hasa ambapo wapenzi wanaacha "vous" na kushika "tu". Mwandishi wa Kiingereza hakuamua lolote juu ya hilo, wala hakuhitaji. Mfasiri ndiye anayeamua siku ambayo mapenzi yameiva. Huyo si mpiga chapa jamani, huyo ni mtunzi wa pili! Sisi hatuna "vous" ya namna hiyo, lakini tuna shikamoo, tuna kaka, dada, shangazi, mzee na mama nanihii. Mhusika wa Kiswahili akiacha kumwamkia baba mkwe wake, msomaji anajua nyumba imeshaungua. Hiyo nayo haina pa kukaa kwa Kiingereza.

Kuna msemo mmoja wa Kifaransa ulionifurahisha kuliko yote. Mtu akishindwa kufumbua fumbo husema anampa paka ulimi wake. Paka tena! Mwingereza ana msemo unaofanana nao sura, anauliza kama paka amekunyakua ulimi, lakini kwake maana yake ni mbona umenyamaza. Rafiki wa uongo mwingine. Ukiulizwa neno la Kiingereza la paka yule wa Kifaransa, ni "I give up", nimeshindwa. Basi, kavu hivyohivyo. Lakini sisi tunalo letu lililonona: kitendawili, tega, umeshindwa, toa mji. Mfaransa hutoa ulimi, sisi hutoa mji mzima. Kutoka Kifaransa kuja Kiswahili hapo kuna barabara ya lami, na Kiingereza hakihitajiki hata kidogo. Kwa nini basi tumezoea kudhani kwamba kila kitu cha dunia lazima kitufikie kupitia Kiingereza?

Mpaka hapa ninakubaliana na walimu: mtafute mnyama anayefugwa katika nyumba ya mgeni wako. Mbwa awe paka, nguruwe awe mbuzi. Lakini sasa nataka kupinga, na nitapinga kwa vitabu vitatu vya Kinaijeria vilivyoandikwa kwa Kiingereza na kutiwa Kifaransa.

Cha kwanza ni "Things Fall Apart" cha Chinua Achebe, cha mwaka 1958. Jina hilo Achebe alilichukua katika shairi la Yeats. Ni maneno matatu ambayo mtoto wa shule anayajua yote. Mwaka 1966 Michel Ligny alikitafsiri kwa wachapaji Présence Africaine kama "Le monde s'effondre", dunia inaporomoka. Mwaka 2013 Pierre Girard akakitafsiri upya kwa Actes Sud kama "Tout s'effondre", kila kitu kinaporomoka. Katikati yao, mwaka 1973, Clement Ndulute alikuwa ameshatupa sisi "Shujaa Okonkwo". Tazama safari ya neno dogo "things": kwanza limekuwa dunia, kisha kila kitu, na kwetu likawa mtu. Nasema Girard amekaribia zaidi, maana "things" ni neno la chini, halina ukubwa wa dunia. Lakini wote wawili wamekwama penye kitenzi. Kuporomoka ni kwa paa au ukuta, kunatokea mara moja kwa kishindo. "Fall apart" ni kuachana, kama kikapu kinachofumuka ukindu mmoja baada ya mwingine. Na hiyo ndiyo hadithi yenyewe! Kwanza linakuja kanisa, kisha Nwoye anamwacha baba yake, kisha inakuja mahakama ya mkuu wa wilaya. Mwishoni Okonkwo anamuua tarishi wa serikali, akitazama nyuma anaona wenzake hawamfuati. Umuofia haikuporomoka, ilifumuka. Lile neno dogo "apart" limebeba riwaya nzima, na Kifaransa, kwa mwendo wake niliokwisha ueleza, kimelidondosha njiani. Jina letu la Kiswahili lina mvuto sokoni, lakini limetuelekeza kwa shujaa wakati Achebe alituelekeza kwenye kikapu.

Sasa njoo kwenye methali. Wazee wa Achebe wanazungumza kwa mawese, viazi vikuu na kola. Hizo si methali za Kiingereza ingawa zimeandikwa kwa Kiingereza. Ni za Waigbo. Je, mfasiri afuate kanuni ya paka na mbwa, amtafutie kila mzee wa Umuofia methali ya Kifaransa ya maana ileile? La hasha! Akifanya hivyo Okonkwo ataamka asubuhi ni mkulima wa Normandy, anafuga ng'ombe wa maziwa na kunywa pombe ya matofaa. Maana itakuwa sahihi na mtu atakuwa amepotea. Achebe mwenyewe alipoandika hakutafuta mbwa wa Kiingereza wa kuweka mahali pa methali ya Kiigbo. Aliileta nzima, pamoja na maneno kama "chi" na "obi", akamwachia msomaji wa London kazi ya kuzoea. Mfasiri wa Kifaransa anadaiwa ujasiri huohuo.

Cha pili ni cha Amos Tutuola, "The Palm-Wine Drinkard", kilichotolewa na Faber and Faber, London, mwaka 1952. Neno "drinkard" halimo katika kamusi. Kamusi inasema "drunkard". Tutuola kalitengeneza kutoka "drink", na kwa kweli lina mantiki: huyu si mtu aliyelewa, ni mtu ambaye kazi yake ni kunywa. Baadhi ya wasomi wa kwao walimwonea aibu kwa Kiingereza chake. Mwaka 1953 Raymond Queneau akakitafsiri kwa Gallimard, na Queneau si mtu mdogo. Ndiye baadaye aliyeandika "Zazie dans le métro", riwaya iliyoandika Kifaransa kama kinavyotamkwa mtaani. Kama kuna Mfaransa ambaye angetunga neno la kijinga na tamu la kulingana na "drinkard", ni yeye. Jina alilotoa ni "L'Ivrogne dans la brousse", mlevi porini. "Ivrogne" ni neno safi la kamusi. Pombe ya mnazi imetoweka, neno la kubuni limetoweka, na badala yake limeingia pori, ambalo kwenye jina la Tutuola halikuwemo. Kila ninapolitazama jina hilo najiuliza: mbona ulimi wa Mwafrika ulipokosea kwa makusudi au kwa kipaji ulisahihishwa mlangoni, na mlango ukapambwa kwa pori ambalo hakuna aliyeliomba?

Cha tatu ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Ken Saro-Wiwa alitoa "Sozaboy" mwaka 1985, na mwenyewe akatangaza kwamba ni riwaya ya Kiingereza kilichooza. Ni mchanganyiko wa pijini ya Naijeria, Kiingereza kilichovunjika, na vipande vichache vya Kiingereza safi. Msimulizi ni Mene, kijana utingo wa lori, anayejiunga na jeshi kwa kupenda sare na kumpendezesha mkewe Agnes, halafu vita vinammaliza: anarudi kijijini, mama na mke wamekufa, na wanakijiji wanamdhania mzimu. Lugha ya Mene imevunjika kwa sababu dunia yake imevunjika. Ukiisahihisha umemuua. Saro-Wiwa alinyongwa na utawala wa kijeshi wa nchi yake tarehe 10 Novemba 1995. Mwaka 1998 Actes Sud wakatoa tafsiri ya Kifaransa iliyofanywa na watu wawili wa Burkina Faso, Samuel Millogo na Amadou Bissiri.

Wangeweza kumpa Mene Kifaransa cha shule. Angekuwa mwalimu mkuu. Wangeweza kumpa misimu ya vijana wa Paris. Angekuwa anangoja treni ya chini ya ardhi. Hawakufanya hivyo. Walimpa Kifaransa cha mitaani cha Afrika Magharibi, kile kinachosikika sokoni na stendi kuanzia Abidjan kwenda juu. Tazama jina tu: "Sozaboy", ambalo ni "soldier boy" mdomoni mwa Mene, wameliacha lilivyo, wakaongeza "Pétit minitaire". Kamusi inataka "petit militaire". Kosa limetafsiriwa kwa kosa, tena kosa la kweli la watu wa kweli, si la kubuniwa mezani. Hapo paka hakuchukua nafasi ya mbwa. Hapo mbwa koko amepata ndugu yake mbwa koko wa mji mwingine.

Najua kuna atakayesema kwamba Kifaransa cha Abidjan nacho ni cha Abidjan, na anayekijua atamsikia kijana wa huko, si wa Dukana. Ni kweli. Kuna kilichopotea. Lakini pima hasara. Utingo kwa utingo, stendi kwa stendi, njaa kwa njaa. Mene bado ni Mene, na Mfaransa anayemsoma analazimika kutega sikio, kama Mwingereza alivyolazimika.

Kwa nini nimelishikia bango jambo hili? Kwa sababu katika kikundi chetu cha uandishi kuna ushauri unaozunguka, na mimi nimepewa zaidi ya mara moja. Katika muswada wangu kuna konda wa daladala, na konda anasema kama konda. Naambiwa: safisha hiyo lugha, andika sanifu tupu, maana Kiswahili cha kijiweni hakitafsiriki, na kitabu kisichotafsirika hakifiki mbali. Shuleni pia tulikaririshwa fani na maudhui kama vitu viwili, mfano wa chupa na soda, ukamimina popote. Haya, nionyesheni soda ya Mene nje ya chupa yake.

Jibu langu ni kwamba ushauri huo una makosa mawili. Kwanza, kinachotafsirika vibaya si lugha ya mtaani. Kinachotafsirika vibaya ni lugha isiyo na mtaa. Riwaya ya Kiswahili iliyojaa "mwisho wa siku" ikienda Kiingereza itarudi kwao na kuonekana ya kawaida kabisa, kwa sababu haikuwa yetu toka mwanzo, na hakuna anayevuka bahari kwenda kununua kitu kilichopo dukani kwake. Pili, kazi ya kumtafutia konda wangu ndugu yake wa Abidjan, au wa Port Harcourt, au wa Kinshasa, si yangu. Ni ya mfasiri, na Millogo na Bissiri wameshaonyesha kwamba inawezekana. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba huyo konda, siku mfasiri akimfuata, yupo na anapumua.

Kwa hiyo wenzangu, tufundishane tafsiri, tena tuisome kwa bidii, maana inaonyesha mifupa ya lugha kuliko somo jingine lolote. Tujue paka wa Mfaransa na mbwa wa Mwingereza wamefungwa wapi. Lakini tukikaa kuandika, tufunge milango na hao wanyama wabaki nje. Humu ndani tunao mbuzi wetu, na wala hayumo kwenye gunia.